Ukitoka Lodwar, Unaenda Kenya

Mara ya kwanza nilipofika Lodwar, mama aliyeniuzia chai karibu na steji aliniuliza, "Kenya huko mko aje?" Nilicheka. Nilidhani ananichezea kwa sababu alijua mimi ni mtu wa Nairobi. Lakini hakuwa anacheka. Alikuwa anauliza kama vile ungemuuliza mtu aliyetoka Kampala habari za Uganda. Nikamjibu tuko salama, mvua imechelewa. Akatikisa kichwa, akanimiminia chai.

Baadaye niligundua kwamba watu wengi wa Turkana wamesema hivyo kwa miaka mingi. Ukipanda basi kwenda Kitale, unaenda Kenya. Ukirudi na mahindi na nguo za shule, umetoka Kenya. Sisi wa huku chini tunapenda kusimulia jambo hilo kama kichekesho, ati watu wa kaskazini hawajui wako nchi gani. Ukweli ni kwamba wanajua vizuri kabisa. Msemo huo ni historia ya kisheria iliyofupishwa kwa maneno mawili. Kuna wakati ambapo sheria yenyewe ilisema Turkana ni kwingine.

Tuanzie hapo, kwa sababu huwezi kuelewa katiba ya 2010 ilileta nini Lodwar kama hujui ilikuta nini.

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za mbali mwaka 1902. Sheria hiyo iliipa uwezo wa kutangaza eneo lolote kuwa limefungwa, na asiye mwenyeji asiingie bila kibali. Wakati huo Turkana ilihesabiwa upande wa Uganda. Wanajeshi wa Mwingereza walipita huko mara kadhaa. Operesheni ya mwaka 1918, iliyojulikana kama Labur Patrol, ndiyo inayokumbukwa zaidi, kwa sababu ya mifugo iliyonyang'anywa. Kwa mfugaji, mifugo ndiyo benki, ndiyo mahari, ndiyo chakula cha watoto. Mwaka 1926 Turkana ikahamishiwa Kenya. Kisha mwaka 1934 ikaja sheria nyingine ya wilaya maalumu, iliyompa mkuu wa wilaya nguvu za kuamua nani aende wapi, na kuiadhibu jamii nzima kwa kosa la wachache.

Hebu fikiria DC wa enzi hizo. Yeye ndiye serikali. Yeye ndiye hakimu. Yeye ndiye anayeandika amri, anayeitekeleza, na anayesikiliza malalamiko dhidi yake. Kama hukuridhika, ungeenda wapi? Kusini, kwenye mashamba na miji ya walowezi, Mwafrika alivalishwa kipande shingoni ili ajulikane anatoka wapi na anamfanyia nani kazi. Kaskazini ilifungwa wilaya nzima. Huku walifunga mtu, kule wakafunga ardhi na watu wakiwa ndani.

Na mahali palipofungwa hivyo panafaa kwa nini tena? Kwa kuficha wafungwa.

Jomo Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952, akashtakiwa Kapenguria pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Aprili 1953 wakahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu. Kenyatta akapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Alipomaliza kifungo chake Aprili 1959, hakurudi nyumbani. Alihamishiwa Lodwar na kuwekewa amri ya kutotoka hapo. Mahakama ilikuwa imemalizana naye, serikali ikawa haijamalizana naye. Alikaa Lodwar hadi Aprili 1961, akapelekwa Maralal, na Agosti mwaka huo ndipo akaachiliwa.

Achieng Oneko naye kisa chake ni cha ajabu zaidi. Alikata rufaa na akashinda. Mahakama ya serikali hiyo hiyo ilisema hana hatia. Wakamshika palepale na kumzuilia bila kesi kwa miaka mingine, mpaka 1961. Kwa hivyo kama unauliza haki bila mpangilio wa serikali ni nini, ni hiyo: karatasi inasema uko huru na mlango bado umefungwa. Hakimu anaweza kusema anachotaka, lakini kama hakuna kinachomlazimisha mwenye bunduki kumsikiliza, hukumu yake ni maoni tu.

Ungetarajia kwamba watu waliopitia hayo, wakishika nchi, kitu cha kwanza kitakuwa kuziondoa sheria hizo. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na sura ya haki. Ilikuwa na majimbo yenye mabaraza yake, na Seneti yenye wanachama 41, kila wilaya na seneta wake, Turkana ikiwemo. Kwa karatasi, mtu wa Lodwar alikuwa na mdomo Nairobi.

Haikuchukua hata miaka mitatu. Majimbo yalinyang'anywa nguvu na kufutwa. Mwaka 1966 Seneti ikavunjwa kwa kuunganishwa na Bunge la chini. Mwaka huohuo Bunge likafungua tena mlango wa kumzuilia mtu bila kumshtaki. Na mwaka 1969, baada ya vurugu za Kisumu, Achieng Oneko alizuiliwa tena bila kesi. Safari hii aliyekuwa Ikulu ni Jomo Kenyatta, mtu waliyeshtakiwa naye Kapenguria. Oneko alitoka 1975.

Sisemi hivi ili kumtukana mzee yeyote. Ninasema kwa sababu hapa ndipo somo lilipo. Tumezoea kudhani kwamba dhuluma inatokana na watu wabaya, na kwamba ukipata kiongozi aliyewahi kuteseka basi umepona. Kenyatta alijua Lodwar kuliko wanasiasa wengi wa wakati wake. Alijua joto lake na upweke wake. Kumbukumbu hiyo haikumzuia. Kinachomzuia mwenye mamlaka ni mwenye mamlaka mwingine.

Na zile sheria mbili za mkoloni, ya 1902 na ya 1934? Ziliendelea kukaa vitabuni. Bendera ilipanda, wimbo wa taifa ukaimbwa, na wilaya maalumu ikabaki maalumu. Zilifutwa mwaka 1997, katika yale marekebisho ya haraka yaliyotokana na mazungumzo ya vyama bungeni kabla ya uchaguzi. Miaka 34 baada ya uhuru. Kama ulizaliwa Lodwar mwaka 1963, ulikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa kabla nchi yako haijaondoa kufuli lililowekwa na Mwingereza.

Pesa nazo zilifuata njia ileile. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema wazi kwamba uwekezaji uende kwenye ardhi nzuri yenye mvua, barabara na umeme, ili faida yake isaidie kwingine baadaye. Turkana ilikuwa hiyo "kwingine". Sehemu kubwa ya miradi ya miaka ya sabini na themanini, ikiwemo lami ya barabara kutoka Kitale na kiwanda cha samaki Kalokol, ilitokana na msaada wa Norway. Kisha Oktoba 1990 serikali ya Rais Moi ikavunja uhusiano na Norway. Ugomvi ulihusu Koigi wa Wamwere, mpinzani aliyekuwa amekimbilia huko, akakamatwa na kushtakiwa uhaini. Wafadhili wakafunga virago. Barabara ikaliwa na mashimo hadi ikawa ni afadhali dereva apite pembeni kwenye mchanga.

Ona jinsi mambo yanavyoshikana. Mtu mmoja anashtakiwa Nairobi kwa sababu ya siasa, na mama wa Turkana anakosa barabara ya kumpeleka hospitali. Aliyeamua hakuhitaji kumuuliza mtu yeyote wa Turkana, na hakukuwa na chombo chochote ambacho mtu wa Turkana angeweza kukitumia kumrudisha mezani.

Sasa tufike 2010. Tarehe 4 Agosti Wakenya walipiga kura ya maoni, asilimia 67 wakasema ndiyo, na tarehe 27 katiba ikatangazwa rasmi Uhuru Park. Mkurugenzi wa Kamati ya Wataalamu iliyoiandaa alikuwa Ekuru Aukot, wakili Mturkana. Yaani mmoja wa waliokesha wakipanga maneno ya katiba hiyo alitoka katika jamii ambayo bado ilisema Kenya iko kule.

Wengi wetu shuleni tulikaririshwa mikono mitatu ya serikali kama shairi: Bunge, Serikali Kuu, Mahakama. Ukiisoma ukiwa Lodwar, inaeleweka haraka zaidi. Katiba ilichukua zile kofia zote za DC na kuzigawa. Kuna kaunti 47, na Turkana ni mojawapo, makao makuu Lodwar. Kuna gavana wa kuchaguliwa, na bunge la kaunti la kumkagua. Kuna seneta tena, baada ya miaka 47 bila. Kuna Mahakama Kuu hapohapo Lodwar. Na pesa si hisani tena: Kifungu cha 203 kinasema kaunti zote kwa jumla zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Kifungu cha 204 kinaanzisha hazina ya kusawazisha kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Mwaka wa kwanza wa ugatuzi, fomula ilipohesabu umaskini na ukubwa wa eneo pamoja na idadi ya watu, Turkana ilitengewa takriban shilingi bilioni 7.6, ya pili baada ya Nairobi. Ule waraka wa 1965 ukawa umegeuzwa kichwa chini.

Je, Lodwar imekuwa peponi? Acha. Hazina ya kusawazisha imetoa pesa kwa kuchelewa mno. Ukame ukija, watu bado wanapanga foleni ya chakula. Mafuta yaliyotangazwa mwaka 2012 yaliyoitwa neema ya Turkana yalianza kwa kelele kubwa, na ilichukua hadi 2019 kupata sheria inayosema kaunti ipewe asilimia 20 na jamii asilimia 5. Na kuna wale wanaosema ugatuzi uliwaletea ufisadi karibu na mlangoni. Lakini hata lawama imebadilisha anwani. Zamani ulilaani Nairobi, basi. Siku hizi vijana wa Lodwar wanamtaja gavana kwa jina, wanamtaja mwakilishi wa wadi kwa jina, na wanajua lini uchaguzi unakuja. Hilo si jambo dogo kwa mahali palipotawaliwa kwa amri.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya kufungia. Lakini endelea na barabara hiyohiyo, kilomita kama 120 kaskazini magharibi, utafika Kakuma.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, wakati maelfu ya vijana wa Sudan waliotembea hadi Ethiopia na kufukuzwa tena na vita walipovuka kuingia Kenya. Leo, ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, wanaishi hapo zaidi ya watu 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingine. Kuna maduka, hoteli, vinyozi, boda, misikiti na makanisa, na watu waliozaliwa hapo ambao sasa wana watoto wao. Utasikia Kiswahili cha Bukavu kikijibizana na Kiswahili cha Eastleigh.

Ila ukitaka kutoka, unahitaji kibali. Sheria ya wakimbizi ya 2006 ilifanya kuwa kosa mkimbizi kukaa nje ya eneo lililotengwa bila ruhusa, na sheria mpya ya 2021 bado imeacha kwa serikali uwezo wa kusema nani akae wapi. Kijana wa Kakuma aliyeitwa kwa usaili Eldoret anaomba karatasi, anasubiri, na karatasi inaandika siku za kwenda na za kurudi. Msomaji, umewahi kuona hiyo mahali? Mimi nimeiona: ni ile sheria ya wilaya zilizofungwa, kwa watu wengine, katika jangwa lilelile.

Hapa ndipo inabidi usome Sura ya Nne ya katiba polepole, kwa sababu waandishi wake walichagua maneno kwa makini. Mahali pengine inasema "kila raia": kupiga kura, kupata kitambulisho na pasipoti. Lakini sehemu kubwa inasema "kila mtu". Kila mtu ana haki ya kuishi, ya utu wake kuheshimiwa, ya kwenda mahakamani. Kifungu cha 39 kinatumia yote mawili. Kila mtu ana uhuru wa kwenda atakako; kisha kinaongeza kwamba kila raia ana haki ya kuingia na kuishi popote nchini. Kwa hiyo mkimbizi yuko wapi katika sentensi hiyo?

Swali hilo lilifika mahakamani. Desemba 2012 idara ya wakimbizi iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini: Wasomali Dadaab, wengine Kakuma. Wakimbizi kadhaa, pamoja na shirika la Kituo cha Sheria, wakaenda Mahakama Kuu. Julai 2013 Jaji David Majanja, ambaye sasa ni marehemu, akaifuta amri hiyo. Alisema inavunja uhuru wao wa kwenda watakako na utu wao, na kwamba serikali haikuonyesha jinsi kumhamisha mtu mmoja mmoja kungeleta usalama. Fikiria uzito wake. Mtu asiye na kura, asiye na mbunge, asiye na kabila la kumtetea redioni, ameishitaki serikali ya nchi asiyo raia wake, na ameshinda. Oneko alishinda rufaa akabaki ndani. Hawa walishinda na amri ikaanguka.

Wacha nisikudanganye kwamba ulikuwa ushindi wa milele. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, serikali ilitoa amri nyingine kama hiyo, watu wakasombwa mitaani Eastleigh, na safari hii kesi iliyopelekwa mbele ya jaji huyohuyo ilitupwa. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kupunguzwa, mradi iwe kwa sheria na kwa sababu inayokubalika katika nchi huru, na hofu ni wakili hodari. Lakini Februari 2015 majaji watano walifuta kipengele cha sheria ya usalama kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Februari 2017 Jaji John Mativo akasimamisha mpango wa kufunga Dadaab. Na mwaka 2021, serikali ilipotaka Dadaab na Kakuma zifungwe, Mahakama Kuu iliweka breki kwanza. Vuta nikuvute. Ndivyo katiba inavyofanya kazi: haimalizi ugomvi, inahakikisha tu kwamba kila mara kuna mahali pa kugombania.

Mwenyeji naye ana kesi yake. Kwa miaka mingi Mturkana wa Kakuma aliona malori ya chakula yakipita mbele ya boma lake kwenda kambini. Ekuru Aukot, huyohuyo wa Kamati ya Wataalamu, aliandika makala mwaka 2003 kuhusu uhusiano wa wenyeji na wakimbizi wa Kakuma, na uchungu wa mwenyeji anayeona mgeni ana maji, shule na zahanati kuliko yeye ni jambo utakalolisikia hadi leo. Kalobeyei ilipangwa wote wawili watumie huduma pamoja. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi kuwa miji ya kawaida. Mwaka huohuo mgao wa chakula ulikatwa na watu wa Kakuma wakaandamana. Mwenyeji na mgeni wote wanaambiwa kwamba mambo yatakuwa sawa. Wote wameshasikia hayo.

Ila ukiwaangalia vizuri, wanadai kitu kimoja. Mturkana alidai asihesabiwe kuwa wa kwingine ilhali yuko hapa. Mkimbizi anadai hivyohivyo. Babu ya huyu alihitaji ruhusa ya DC, na mjukuu wa yule anahitaji ruhusa ya afisa wa kambi. Mmoja katiba imemtoa kwenye karatasi hiyo. Mwingine imempa neno "kila mtu" na mlango wa mahakama, na bado anangoja.

Nilirudi kwa basi la usiku. Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi, kurunzi ikaingia, tukatoa vitambulisho. Mzee wa Kiturkana mbele yangu alitoa chake kutoka kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, akakiinua juu bila hata kugeuka. Mimi nikatoa changu. Kijana aliyekaa dirishani, tuliyekuwa tumebishana naye mpira tangu Lodwar, alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaambiwa ashuke.

Basi lilingoja. Makanga alitazama saa. Baada ya dakika kama kumi kijana akarudi, akaikunja karatasi yake tena mara nne, akaketi.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema siku nne," akajibu. "Niko na siku nne za Kenya."